Maneno ya Kusindikizana

Marehemu Zamda Mdoe alikuwa na tabia iliyowachosha hata waliompenda: hakuweza kuliacha jambo lipite bila kuuliza limetokea wapi. Akipewa mboga atauliza imemwagiliwa maji ya wapi. Akisikia fulani kahama, atataka kujua kahamishwa na nini, na kwa nini mwaka huu na si mwaka jana. Utotoni, kule Kwedizinga, mama yake alimtuma dukani kununua chumvi, akarudi na habari za ukoo mzima wa mwenye duka, chumvi yenyewe kaisahau juu ya meza. Kaka yake Mustapha akampachika jina la Hakimu, na jina hilo likamganda mpaka anaingia kaburini.

Swali kubwa kuliko yote alilipata siku baba yao alipofariki. Mzee Mdoe aliamka alfajiri, akaswali, akachukua jembe akaelekea shambani. Njiani alisalimiana na majirani wote, na kila aliyemjulia hali alimjibu kwamba alhamdulillahi, hajambo. Kabla jua halijawa kali alianguka katikati ya mahindi na hakuinuka tena. Hospitalini wakasema ni presha, tena ya siku nyingi. Zamda wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne na anashona nguo mjini Handeni. Matanga yalipoanuliwa alizunguka kwa mama, kwa wajomba, kwa jirani wa ng'ambo ya pili ya shamba, akiwauliza mmoja mmoja: baba alianza lini kujisikia vibaya? Hakuna aliyejua. Wote walikuwa wakimuuliza hali kila siku, na wote walijibiwa vizuri. Walimwambia ni kudra ya Mungu, naye akaitikia, maana aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Lakini kudra ya Mungu haikumwondolea hamu ya kujua.

Miaka ikapita, akaolewa, akazaa binti mmoja, Ikram, akafiwa na mume. Cherehani ikawalisha wawili. Kisha Mustapha naye akapimwa kwenye zahanati na kukutwa na presha ileile ya baba. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Mustapha alikuwa mkulima, na pia mwadhini wa msikiti wa kijijini, mtu wa sauti nzuri na maneno machache. Kila Zamda alipomuuliza anaendeleaje na dawa, alijibu, "Alhamdulillahi, mdogo wangu. Namshukuru Mungu." Lilikuwa jibu jema, na Zamda alilisikia kwa hofu, kwa sababu ndilo lililokuwa jibu la baba.

Ndiyo maana mradi wa utafiti ulipotangaza nafasi za wadadisi, alifunika cherehani akaenda kuomba. Mradi ulitaka kujua watu wenye presha wanajisikiaje, nani anameza dawa, nani ameacha, na kilichomfanya aache ni nini. Ungefanyika sehemu mbili: vijiji vya tambarare upande wa Handeni, na milima ya Korogwe kule Dindira kwenye mashamba ya chai. Zamda alijiambia kwamba akijifunza namna ya kuwauliza watu wasiomjua, huenda atapata namna ya kumuuliza kaka yake.

Kazi ya udadisi ilimshangaza kwa ukali wake. Nyumba zilichaguliwa kwa kura; mdadisi hakuruhusiwa kuruka nyumba ya mbali na kwenda ya karibu na barabara, wala ya mkorofi na kwenda ya mkarimu. Swali lilisomwa kama lilivyoandikwa kwenye kishikwambi, neno kwa neno. Kisha mtu alipimwa presha akiwa ametulia. Mdadisi hakuruhusiwa kumhoji ndugu yake, na alichoambiwa na mtu hakukitoa nje. Kanuni hiyo ya mwisho Zamda aliishika kama amana. Siku moja mdadisi mwenzake, Frank, alisimulia wakati wa chakula habari za mzee mmoja aliyetaka ng'ombe wake naye apimwe presha. Watu walikufa kwa kicheko. Zamda alimkemea Frank mbele ya wote mpaka chakula kikamshinda.

Frank alikuwa kijana wa Korogwe, Mkatoliki, ambaye babu yake alitoka Songea zamani kuja kukata mkonge na asirudi tena. Alikuwa mwepesi wa miguu na mfupi wa maneno. Yeye alipangiwa Dindira. Zamda alipangiwa vijiji vya Kwedizinga, isipokuwa nyumba za jamaa zake, ambazo zingefanywa baadaye na mtu mwingine.

Huko vijijini alipendwa. Alijua kuingia nyumba ya mtu. Aliketi alipoonyeshwa, akasalimia wakubwa na wadogo, akauliza mvua, mazao na mbuzi, akanywa maji aliyopewa mpaka mwisho. Ndipo akafungua kishikwambi na kusoma swali la kwanza: "Kwa ujumla, afya yako ikoje?" Hakuna nyumba iliyomkatalia. Jambo hilo alijivunia, na hakulificha.

Baada ya miezi kadhaa mtafiti mkuu, Daktari Joyceline, aliwaita wote kwenye ofisi ya mradi, chumba cha kupanga nyuma ya soko la Handeni, chenye feni iliyozunguka pale umeme ulipotaka. Aliwaeleza kwamba kuna kitu hakielewi. Tambarare, karibu watu wote walisema afya yao ni nzuri au nzuri sana. Dindira, nusu nzima walisema ni mbaya. Lakini mashine ya presha ilisema kinyume: watu wa tambarare ndio waliokuwa na presha ya juu zaidi.

Kila mtu akatoa dhana yake. Mmoja akasema ni baridi ya milimani. Frank akasema kazi ya kuchuma chai inavunja mgongo. Zamda akasema jibu liko wazi, watu wa Handeni ni wavumilivu.

"Wa milimani akichomwa na mwiba anaitisha kikao," alisema.

"Na wa Handeni akikatwa mguu," Frank akajibu, "anasema alhamdulillahi, umebaki mmoja."

Chumba kikacheka, hata daktari. Kicheko kilipotulia, Joyceline akasema dhana zote zinawezekana na zote zitaangaliwa, ila ipo moja ambayo hawakuitaja, nayo ndiyo anayoiogopa kuliko zote. "Huenda tofauti hii si ya mlima na tambarare. Huenda ni ya Frank na Zamda."

Zamda alihisi masikio yakimchemka. "Mimi swali nalisoma kama lilivyoandikwa, daktari."

"Najua. Na Frank hivyo hivyo. Sijasema mmekosea, nimesema sijui. Kuna njia moja tu ya kujua: mbadilishane."

Zamda alipanda Dindira na kinyongo chake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba, na baridi ilimwingia mpaka kwenye kucha. Kwenye gulio alinunua soksi nene za sufu, za rangi ya kahawia, akazivaa na makubazi, na watoto wa Kishambaa wakamfuata wakimcheka. Hakujali. Alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba watu wa hapa ni walalamishi, na kwamba hilo halimhusu yeye.

Lakini nyumba ya kwanza walimjibu nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, nzuri sana, kwa uwezo wa Mungu. Jioni ya siku ya pili alikaa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni akitazama soksi zake. Watu walewale ambao Frank aliwakuta wagonjwa, yeye aliwakuta wazima. Kinyongo kilianza kumtoka, na mahali pake pakaingia kile kitu cha zamani, kile kilichomfanya asahau chumvi dukani.

Siku ya tatu alifika kwa Bibi Rosina, mama mtu mzima aliyechuma chai tangu usichana wake na sasa analea wajukuu. Bibi alimkaribisha karibu na moto, akampa chai ya tangawizi kwenye kikombe kikubwa cha bati. Walisalimiana kwa kirefu. Zamda akasoma swali. Bibi Rosina akasema afya yake ni nzuri sana, Mungu ni mwema. Zamda akabonyeza, akaendelea hadi mwisho, akapima, akashukuru, akafunga kishikwambi na kusimama. Bibi naye akachukua fimbo yake, akatoka naye.

Walishuka polepole kwenye kijia chenye utelezi mpaka kwenye kijito. Hapo bibi akasimama.

"Sasa nikwambie," alisema. "Miguu hii inawaka moto usiku kucha. Kichwa kinazunguka nikiinama. Na dawa za presha niliacha tangu kabla ya mvua, maana nilijiona nimepona."

Zamda alimtazama. "Bibi, mbona kule ndani ulisema afya yako ni nzuri sana?"

Bibi Rosina akamwangalia kama anavyoangaliwa mtoto mkubwa aliyevaa shati kinyume. "Ulikuwa hujamaliza chai, mwanangu. Mgeni anamwagiwa maradhi juu ya chai?"

Zamda alibaki kwenye kijito kile muda mrefu baada ya bibi kupanda kurudi kwake. Alikuwa anayakumbuka maneno ya watu wa Handeni, na yalikuja kwa wingi. Yule baba aliyemtoa hadi kisimani, akamwambia amemaliza vidonge na nauli ya kufuata vingine hana. Yule mama aliyemsindikiza hadi shambani kwa jirani, akasema moyo unamwenda mbio akilala. Kila nyumba walimtoa, kama mgeni anavyostahili kutolewa, na njiani wakamwambia yaliyo moyoni. Naye aliwapa pole, akawaombea dua, akaenda zake. Hakuandika hata neno moja, kwa sababu kwake mahojiano yalikuwa yamekwisha kishikwambi kilipofungwa. Kweli yote ya tambarare alikuwa ameisikia kwa masikio yake, akaiacha njiani.

Hapohapo likamjia jingine, na lilimtia baridi kuliko ukungu. Tangu aanze kazi ya mradi, kila alipokwenda kwa Mustapha alikwenda na bodaboda iliyomngoja uani na injini ikinguruma. Alikula, akauliza hali, akapanda, akaondoka. Kaka yake hakuwa amemsindikiza hata mara moja.

Walipokutana tena ofisini, Frank alikuwa na mikasa yake. Huko Kwedizinga alifika kwa haraka zake, habari moja, kisha swali. Watu wakamwona afisa, na afisa hupelekewa shida. Wengi walimwambia afya mbaya, na mmoja akaunganisha na pampu ya kisima iliyoharibika. Joyceline alisikiliza wote wawili, akacheka kwa namna ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi Zamda anapewa heshima na Frank anapewa malalamiko," akasema. "Na mimi nilikuwa naelekea kuandika habari za hali ya hewa."

Siku ile walibadilisha mambo. Wadadisi wote wangesalimia kwa namna moja. Swali la afya lingeshushwa chini, baada ya mtu kuzoea kuulizwa. Na yeyote anayetaka kumsindikiza mdadisi angeombwa ruhusa: mama, baba, haya unayoniambia njiani, naweza kuyaandika? Zamda aliuliza maswali mengi kuhusu hilo, mpaka wenzake wakaanza kutazama saa zao. Lakini akili yake nusu ilikuwa kwingine. Alikuwa amemsikia Frank akitaja nyumba alizopita.

Alimkuta nje, anakula mihogo ya kukaanga kwenye gazeti.

"Frank, kwa mwadhini ulifika?"

"Nilifika."

"Alikuambiaje?"

Frank akatafuna, akameza. "Dada Zamda, unakumbuka ulivyonisema mbele za watu kwa ajili ya yule mzee wa ng'ombe?"

"Yule ni mtu baki. Huyu ni kaka yangu."

"Ndiyo maana yule ningeweza kukuambia, na huyu siwezi kabisa." Akamsogezea gazeti. "Chukua muhogo."

Zamda alimchunguza usoni, akitafuta kama kimya kile ni cha habari mbaya au cha kanuni tu. Hakuona kitu. Alikasirika, na wakati huohuo alimheshimu, na alichukia kumheshimu. Kwa siku kadhaa hakulala vizuri. Aliomba katika swala zake asichelewe, kama walivyochelewa kwa baba.

Alhamisi iliyofuata alipanda bodaboda mpaka njia panda ya Kwedizinga, akamlipa kijana na kumwambia arudi zake, asimngoje. Akatembea. Mustapha alimwona akija kwa mbali, vumbi hadi magotini.

"Hakimu leo kwa miguu," akasema. "Mradi umefilisika?"

Shemeji yake Hafsa alipika ugali kwa mlenda na kunde. Walikula, wakazungumza habari za mbaazi na za binamu aliyeposa. Zamda alimuuliza kaka yake hali, akajibiwa alhamdulillahi, akalipokea jibu kama lilivyo na kunawa mikono. Hafsa alikuwa amekaa palepale anachambua karanga. Baada ya swala ya alasiri akaaga. Mustapha akavaa kofia yake vizuri, akatoka naye.

Kwa desturi ya mtaa ule mgeni husindikizwa hadi kwenye mashine ya kusaga, wanaagana hapo. Walipofika, mashine ilikuwa inaunguruma, unga umetanda mlangoni. Mustapha akafungua kinywa kumuaga. Zamda akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa: sisikii. Wakasonga mbele kidogo. Bado ngurumo. Wakasonga tena, hadi wakajikuta katikati ya mashamba ya mbaazi, ngurumo imebaki nyuma kama nyuki, na wote wawili hawakujua tena waagane wapi.

Mustapha alianza kuzungumzia mvua. Zamda akanyamaza. Katika maisha yake yote halikuwahi kutokea jambo lililomwia gumu kama kunyamaza kule. Mvua ikaisha maneno.

"Kaka," hatimaye Zamda akasema, "kumshukuru Mungu umeshamshukuru. Yeye hali yako anaijua. Mimi ndiye siijui."

Mustapha akasimama. Akachuma ganda la mbaazi, akalipasua, akatazama punje zake bila kuzila.

"Vile vidonge vinanipeleka msalani," akasema. "Kila mara. Naadhini, nakimu swala, kabla ya rakaa ya pili nimebanwa. Siku moja nilitoka kwenye safu, watu wote wananiona. Mwadhini, Zamda. Nikaenda kutawadha upya, niliporudi swala imekwisha. Tangu siku ile nimeviweka."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na kichwa?"

"Kinagonga. Na jicho hili la kushoto kuna wakati linaingia kiza, kisha kinaondoka."

Zamda aliishikilia sauti yake. "Hafsa anajua?"

"Nimwambie nini Hafsa? Kwamba mumewe hawezi kushika udhu?"

Hakucheka, hakumlaumu. Wangekuwa ndani ya nyumba angemlaumu. Alimuuliza jambo moja tu lililokuwa limemsumbua wiki nzima: je, hayo alimweleza yule kijana wa mradi?

"Yule? Aliniuliza kama jana yake nilimeza dawa. Hafsa amekaa pale. Nikamwambia ndiyo."

Hapo Zamda ndipo alipocheka, mpaka machozi yakamtoka, na kaka yake akamwangalia kwa wasiwasi. Kumbe Frank alikuwa anamlindia siri isiyo na kitu ndani.

"Kesho tunakwenda hospitali," akasema akijifuta.

"Kesho Ijumaa."

"Jumamosi basi."

"Utanisemea wewe?"

"Mimi nitakaa nje. Utasema mwenyewe, kama ulivyosema hapa."

Jumamosi walikwenda. Zamda alikaa kwenye benchi la nje na tasbihi yake, na pengine hakuna benchi alilowahi kulikalia kwa mateso kama lile, maana mlango ulikuwa umefungwa na nyuma yake watu walikuwa wanaulizana maswali bila yeye. Mustapha alitoka akasema presha ilikuwa juu kiasi kwamba walimlaza kwanza wakampa dawa na kumpima tena. Muuguzi hakushangazwa na habari ya udhu. Alimwambia si mwanamume wa kwanza, ila ni wa kwanza kuisema bila kuzunguka. Daktari wa zamu akambadilishia vidonge, akampa vya aina nyingine visivyomkimbiza msalani.

"Yaani vilikuwepo muda wote," Mustapha akasema njiani.

"Vilikuwepo."

"Na nilichotakiwa ni kusema tu."

Mashaallah, Zamda alikuwa ameshaanza kufikiria jambo jingine. Kwenye kishikwambi, sababu za mtu kuacha dawa zilikuwa zimepangwa: zimeisha, nauli, nimejiona nimepona, zinanidhuru, nimesahau. Ibada haikuwamo. Alimuomba kaka yake ruhusa ya kulisema jambo lile bila kutaja jina. Mustapha akafikiri mpaka wakafika nyumbani, kisha akasema, sema, ila usiseme mwadhini.

Joyceline aliposikia akauliza wapo wangapi wa namna hiyo. Zamda akasema hajui, na ndiyo maana inafaa waulizwe. Frank akasema waulizwe na upande wao wa kanisani pia, kwani mahubiri ya paroko wa kwao ni marefu na choo hakiko karibu. Swali likaongezwa. Wanaume wengi walijibu wakitazama pembeni, na wanawake hawakuwa wachache, na Zamda alipokea kila jibu kwa furaha ya mtu aliyekuwa akitafuta kitu gizani na sasa mkono umekigusa.

Alifanya kazi ile miaka kadhaa, mradi mmoja hadi mwingine. Vijana wapya walifundishwa naye. Aliwaambia wasiwe na haraka ya kufunga kishikwambi, na wasiende na bodaboda ya kungojea uani.

Kisha figo zake zikaanza kushindwa. Ilikuja polepole, akapelekwa mbali akarudishwa, na mwishoni alilala nyumbani kwake Handeni, Ikram akimuuguza. Watu walikuja kumjulia hali kutwa, maana alijulikana nyumba nyingi. Wote aliwajibu alhamdulillahi. Yeye aliyetumia maisha yake kuwauliza wengine, aliwatosheleza wageni wote kwa neno hilo moja, nao wakaenda wakisema ana subira kubwa. Na kweli alikuwa nayo.

Alasiri moja Mustapha alikuja, akakaa, akanywa chai aliyopewa na Ikram. Alimuuliza dada yake hali, akapewa jibu la wote. Akalipokea. Baadaye akasimama, akavaa kofia.

"Haya, mimi naondoka."

"Haya kaka. Msalimie Hafsa."

Hakuondoka. Alisimama mlangoni. "Nani ananisindikiza?"

Zamda akatabasamu. "Miguu haina nguvu, kaka."

"Basi mimi nitasimama hapa. Tuseme tumeshapita mashine."

Akasimama, mgongo kwenye mwimo wa mlango, akitazama nje uani kama mtu anayetembea na mwenzake. Kimya kilikuwa kirefu, Ikram akiosha vikombe huko nyuma, kuku wakiparua.

"Miguu ina baridi," Zamda akasema. "Hata nikifunikwa. Na kuna maumivu ya asubuhi, kabla Ikram hajaamka. Nauma shuka asisikie. Kufa sikuogopi, Mungu ananijua. Asubuhi ndiyo naiogopa."

Ndugu wengine hapo wangeleta dua moja kwa moja. Dua Mustapha aliileta baadaye, ndefu, kwa ile sauti yake. Kwanza aliuliza kama alivyojifunza kwa dada yake. "Yanaanzia wapi? Na yakianza unakuwa umelalaje?" Zamda akamwambia yote, kwa utaratibu, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kama anayesimulia habari za mtu mwingine aliye na ugonjwa wa ajabu. Mustapha akaenda hospitali jioni hiyohiyo kumweleza muuguzi, na kuanzia kesho yake dawa ya maumivu ilitolewa usiku wakati wa kulala badala ya mchana. Kabla ya kwenda alifungua sanduku, akapekua mpaka akazipata zile soksi za Dindira, akamvika dada yake mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi zilizobaki zilikuwa tulivu. Ikram anasema hivyo, naye ndiye aliyekuwepo.

Alizikwa Kwedizinga, karibu na baba yake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Mwenye mashine ya kusaga aliizima siku ile tangu asubuhi. Baada ya kumzika, Frank, aliyekuja kutoka Korogwe na shati lake la kanisani, alimkaribia Mustapha akampa mkono na kumuuliza hali yake.

"Alhamdulillahi," Mustapha akasema.

Frank akaitikia, akasimama kidogo, kisha akasema anaelekea barabarani kutafuta usafiri. Mustapha akasema atamtoa. Wakaipita mashine iliyonyamaza, wakaingia njia ya mbaazi, na walioketi msibani waliwaona kwa mbali wakitembea polepole, Mustapha akizungumza, Frank ameinamisha kichwa akisikiliza.